Bega kwa Bega

Siku kampuni ya magari ya kuitwa kwa programu ya simu ilipoleta huduma ya Bega kwa Bega, madereva waliokuwa wakisubiri abiria kando ya ukuta wa kituo cha mafuta walicheka mpaka machozi. Abiria watatu wasiojuana, kila mmoja anatoka kwake na anakwenda kwake, simu iwapange ndani ya gari moja, kila mmoja alipe chini ya nusu, na dereva azunguke mji mzima kuwaokota na kuwatua kama mgawa magazeti. Mmoja akasema hilo si gari tena, ni foleni yenye magurudumu. Wakacheka tena.

Taratibu peke yake hakucheka. Alikuwa ameusoma ujumbe wa kampuni mpaka chini kabisa, pale ilipoandikwa kwamba mshirika atakayekataa safari hizo "atapungukiwa na kipaumbele". Alikuwa ameishi vya kutosha kujua kwamba maskini akiletewa neno refu, ndani yake kuna fimbo.

Jina la Taratibu alipewa na wenzake. Abiria akimhimiza akimbize gari, jibu lake lilikuwa lile lile, "taratibu, tutafika", na kweli walifika. Abiria wa programu ile humpa dereva nyota baada ya safari, moja mpaka tano, na za kwake zilikuwa karibu kutimia. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akiwatania majirani kwamba yeye ameolewa na jenerali.

Alizikataa safari za Bega kwa Bega kwa siku kadhaa. Simu ikamnunia. Ilikuwa imezoea kulia kama mtoto mwenye njaa. Sasa ililala kwenye dashibodi kimya, na vijana waliokubali wakampita na magari yaliyojaa, wakimpigia honi za kumtania. Angekuwa na gari lake mwenyewe, labda angevumilia. Lakini gari lilikuwa la shemeji yake, kaka mkubwa wa Mama Pacha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kila Jumamosi shemeji alitaka hesabu yake kamili. Taratibu akabonyeza "kubali".

Tangu hapo alitoka nyumbani mapema kuliko zamani na kurudi amechoka kuliko zamani, na mfuko wake ulikuwa mwepesi kuliko zamani. Mafuta yaliishia kwenye mizunguko ya kumfuata huyu na kumrudisha yule. Mama Pacha, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea pale pale sebuleni, aliyaona mambo hayo bila kuambiwa. Zamani cherehani ilinunua mboga, na gari lililipa kodi na ada za mapacha. Sasa cherehani ilianza kuliwekea gari mafuta. Siku moja, sindano ikiwa mdomoni, alimuuliza mumewe, "Mtu akizidisha kazi halafu akapunguziwa riziki, huyo anamfanyia kazi nani?" Taratibu akasema mambo yatakaa sawa. Mama Pacha akaitoa sindano mdomoni, akatunga uzi, akaachana na hayo mazungumzo.

Mambo hayakukaa sawa. Asubuhi ya siku iliyomponza, Taratibu alimpakia mwanamume mmoja mwenye tai aliyekuwa akienda kwenye kikao. Hawajafika mbali, simu ikamwongezea abiria wa pili, mama mtu mzima aliyesimama nje ya soko na ndoo ya samaki. Ndoo ilikuwa na kifuniko, na juu ya kifuniko alikuwa amefunga kitambaa safi. Mwenye tai aliteremsha kioo, akanusa kabla hata ya kusalimia.

"Huyo haingii humu," alisema.

Taratibu akamweleza kwa adabu kwamba yule mama naye amelipa, na huduma yenyewe ndivyo ilivyo. Mwenye tai akajibu kwamba yeye hawezi kuingia kikaoni ananuka soko, na kama dereva hana akili ya kuchagua abiria, atamsaidia kuipata. Taratibu akaona amenaswa. Akimwacha mama, atalalamikiwa, akimpakia, atalalamikiwa. Alimtazama mama akiwa kando ya barabara na ndoo yake, anangoja kuamuliwa kama ni mtu au si mtu. Akashuka, akafungua buti, akatandika magazeti, akaipokea ndoo na kuiweka vizuri isimwagike, kisha akamfungulia mama mlango wa mbele.

"Mheshimiwa," alimwambia mwenye tai, "ndoo iko kwenye buti, na mama yuko mbele. Kiti cha nyuma chote ni chako."

"Kwa hiyo unanifundisha adabu?"

"Hapana. Naendesha gari."

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini walipokaribia mjini simu ikalia tena, ikaongeza abiria wa tatu, na huyo alikuwa kwenye mtaa ambao walishaupita. Dereva hakuruhusiwa kukataa akiwa njiani. Taratibu aligeuza gari, akarudi, akasimama mbele ya geti jeusi. Hakutoka mtu. Alipiga simu, haikupokelewa. Programu ikamwamuru asubiri, na ndani ya gari hewa ikawa nzito kwa hasira za watu wawili, mmoja anatukana waziwazi, mwingine kimya. Mwishowe abiria wa tatu akajifutia safari yake bila hata kuonyesha uso. Waliporudi barabara kuu, foleni ilikuwa imeshafunga. Mwenye tai akashuka katikati ya magari, akaubamiza mlango kiasi cha kioo kutetemeka, akaondoka kwa miguu huku akibonyeza simu yake.

Mama wa samaki alifikishwa kwenye geti la nyuma la hoteli fulani. Taratibu alimshushia ndoo, akamtakia kazi njema. Mama hakuitika. Taratibu akasema moyoni, mtu mzima amechoka.

*

Kesho yake alipowasha simu alikuta maneno mekundu. Akaunti yake imesitishwa kufuatia malalamiko ya abiria kuhusu usafi, lugha na kuchelewesha safari.

Aliyasoma akiwa ameketi garini, nje ya nyumba. Akayasoma tena, akidhani pengine mwishoni kuna jina la mtu mwingine. Kisha akashuka, akachota maji, akaanza kuosha gari. Alipomaliza akaanza upya. Mama Pacha alikuja mlangoni, chaki ya kuchorea vitambaa imemjaa vidoleni, akasimama akimwangalia.

"Leo gari linaogeshwa kama bibi harusi," alisema. "Kuna nini, Baba Pacha?"

Akamwambia. Hakumficha kitu, isipokuwa yale matusi aliyotukanwa, maana mume hapendi kuyaleta hayo nyumbani. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri wamwambie kaka yake mapema, wasingoje Jumamosi ifike bila hesabu. Taratibu akamwomba ampe nafasi kwanza aende ofisini kwao. Ni jambo la kueleweshana tu, alisema. Watu wazima wakikaa, wanaelewana.

Ofisi ya kampuni ilikuwa kwenye jengo lenye sakafu inayoteleza kwa kung'aa. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya watu watatu wanacheka ndani ya gari. Dereva wao hakuonekana, ila mkono wake kwenye usukani. Taratibu alivua kofia, akangoja pamoja na madereva wengine, wote wakiwa wameinamisha nyuso kama wagonjwa wa maradhi yasiyotajwa. Alipofika zamu yake, msichana wa dawatini alimkaribisha kwa upole mno. Alimwita mshirika.

Taratibu aliuliza kama anaweza kuonana na bosi. Msichana akamweleza kwamba kampuni haina bosi wa madereva kwa sababu haina madereva, ina washirika. Akauliza nani amemlalamikia. Akaambiwa hiyo ni siri ya mteja. Akaanza kusimulia habari ya ndoo, mwenye tai na geti jeusi. Msichana alimsikiliza kwa subira huku macho yake yakitembea juu ya kioo cha kompyuta, na alipomaliza akamwambia kwamba mfumo haujui mambo ya ndoo. Lakini kama yupo abiria aliyekuwa safarini na yuko tayari kuja kumtetea, suala lake linaweza kutazamwa upya.

Taratibu alitoka pale kama mtu aliyeponyoka. Abiria yupo. Mwenye tai wa kazi gani? Yupo yule mama, aliyeketishwa mbele kwa heshima, aliyeyaona yote kwa macho yake. Kama kuna mtu duniani wa kumtetea, ni huyo.

*

Alimkuta sokoni, amekaa nyuma ya meza ya bati, anaparua samaki. Magamba yalikuwa yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Hakumtambua mara moja. Taratibu alipotaja ndoo iliyowekwa kwenye buti, kisu kikasimama.

Akamwelezea yaliyompata. Alisema kwa unyenyekevu, mikono nyuma, kwamba anajua mama ana kazi zake, lakini ni safari fupi tu mpaka ofisini, aseme alichokiona, basi. Yeye mwenyewe atamrudisha, atamlindia hata meza.

"Wamekufungia kwa sababu yangu?" mama aliuliza.

"Kwa sababu ya yule mwenye tai."

Mama aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imeshakauka.

"Na mimi nilikubonyezea moja, mwanangu."

Taratibu hakuelewa. "Moja nini, mama?"

"Nyota. Moja. Nikaandika na maneno, kwamba umenichelewesha."

Muuza dagaa wa meza ya jirani aliacha kupanga mafungu yake, akawatazama. Mama alieleza huku akiangalia samaki, hakumwangalia Taratibu. Jiko la hoteli lilikuwa likipokea samaki asubuhi tu. Siku ile alipofika, mpishi alikuwa ameshanunua kwa mtu mwingine, na akamwambia asijisumbue kuja tena, wao wanataka mtu wa uhakika. Alikuwa ameihangaikia nafasi ile muda mrefu. Alirudi na ndoo yake juani, akauza kwa bei ya kutupa wale waliokuwa hawajaharibika, wengine akawatupia paka.

"Nimefika nyumbani, simu inaniuliza safari yako ilikuwaje," alisema. "Siku nzima hakuna mtu aliyeniuliza chochote. Nikaijibu."

"Nilikuweka mbele, mama. Nilibishana na yule mtu kwa ajili yako."

"Najua. Na nilichelewa. Yote mawili ni kweli."

Taratibu alitaka kukasirika. Lakini uso uliokuwa mbele yake ulikuwa umechoka kama wa mkewe. Ndipo mama akavua aproni, akamwomba muuza dagaa amtazamie meza, na kusema, "Twende huko ofisini. Nilichokifunga kwa mkono wangu nikakifungue."

Walikwenda. Msichana wa dawatini alimsikiliza Mama Samaki kwa upole ule ule. Mama alisema amekosea, kwamba dereva huyu ni muungwana, kosa lilikuwa la simu iliyowarudisha nyuma, na kwamba anaomba nyota yake irudishwe. Msichana akasikitika. Nyota ikishatolewa hairudi, alisema, mfumo haurudi nyuma. Maelezo yake yatapokelewa kama maoni. Ila kampuni imeguswa sana na usumbufu alioupata siku ile, na kwa kumthamini, inampa safari moja ya bure ya Bega kwa Bega.

Simu ya Mama Samaki ikatoa mlio mfukoni mwake.

"Na huyu?" mama aliuliza, akimwonyesha Taratibu kwa kidevu.

Msichana alisema mshirika atajulishwa.

Nje, Taratibu alimkumbusha kwamba alimwahidi kumrudisha. Mama akakataa, alisema mafuta ya gari lisilo na kazi ni ya kuombolezewa, si ya kuchezewa. Meza yake ilikuwa mikononi mwa mtu, samaki hawasubiri, na safari ya bure ni ya bure. Aliita gari. Likaja likiwa na watu wawili tayari, na kijana kwenye usukani anajipangusa jasho. Taratibu alimfungulia mama mlango, kwa mazoea tu.

"Usinichukie," mama alimwambia akiwa ameshaketi.

"Sikuchukii, mama."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma. Angempata mtu wa kumchukia, angalau angerudi nyumbani na kitu.

*

Alipofika nyumbani, Mama Pacha hakumngoja aeleze. Alisoma uso wake, akamwambia kwamba ameshampigia kaka yake. Alitaka habari itoke kwao, isitoke kwa watu wa kituo cha mafuta. Taratibu aliona kama ameuzwa na mke wake mwenyewe, akatamka hivyo, na wakakaa jioni ile bila kusemezana, mapacha wakipeleka salamu kati ya baba na mama kama wajumbe. Kesho yake akamwomba radhi. Mama Pacha akasema radhi haiwashi jiko, lakini ameipokea.

Shemeji alikuja Jumamosi alasiri, kwa miguu kutoka barabarani, akihema. Hakuwa mtu mbaya. Aliwaletea mapacha biskuti, akakaa kwenye kiti kilichoondolewa vitambaa kwa ajili yake, akanywa chai yote kabla ya kuingia kwenye lililomleta. Kisha akasema gari alilinunua kwa mkopo, na benki haina undugu. Angependa kusubiri, lakini kusubiri nako kuna bei yake. Amepata kijana ambaye akaunti yake ni safi.

"Kaka," Mama Pacha alisema, "huyu amelitunza gari lako kuliko ulivyolitunza mwenyewe."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimepata kijana kwa urahisi. Gari linavutia."

Hakukusudia kuumiza. Taratibu aliuweka ufunguo mezani, kando ya kikombe, na shemeji akautazama bila kuushika, kwa sababu hakujua kuendesha. Alikuwa amemiliki magari miaka yote hiyo akiendeshwa na watu. Ikabidi Taratibu mwenyewe alipeleke gari mpaka dukani.

Walipotoka nje, shemeji alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akajiegemeza.

"Kaka," Mama Pacha aliita toka mlangoni, "mbele kuna kiti."

"Hapa pananitosha."

Taratibu aliwasha gari. Kwenye kioo alimwona shemeji yake akisoma meseji, na mkewe nyuma kabisa, amesimama na mikono yake yenye chaki, hapungi. Njiani shemeji alimwomba aongeze mwendo kidogo, kijana anangoja. Taratibu akaongeza mwendo.

Dukani kijana alikuwa ameshafika. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, akauliza kama gari lina matatizo yoyote, na Taratibu akamweleza yote kwa ukweli: gia ya pili inataka kubembelezwa, mlango wa nyuma wa kulia umelegea tangu ulipobamizwa. Shemeji alikuwa ameshatoa simu.

"Nimekuitia gari la kukurudisha, shemeji," alisema. "Ile ya pamoja. Ni rahisi ajabu, sijui wanapataje faida."

Gari lilichelewa. Lilipofika, Taratibu akapata nafasi ya katikati, kiti cha nyuma, magoti yamegusa kidevu, kati ya mwanafunzi aliyelala na mama mwenye mtoto anayelia. Dereva, mwanamume mwembamba mwenye shati lililolowa mgongoni, aliomba radhi kila walipopinda kona. Alizungukia mitaa ambayo Taratibu aliijua kama kiganja chake, na kila mara Taratibu alijua njia ya mkato, na kila mara alinyamaza.

Aliposhushwa mbele ya nyumba yake, dereva naye akashuka, akamfuata hatua mbili, akazungumza kwa sauti ya chini ili waliobaki garini wasimsikie.

"Mzee, naomba unisaidie nyota tano. Zangu zimeshuka. Wameshanionya."

Taratibu alimtazama. Akamwambia kwamba gari hakuliita yeye, aliyeliita ni shemeji yake, na nyota ziko kwenye simu ya aliyeita. Dereva akaelewa, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Akasema basi labda mzee angempigia huyo shemeji, amwombee. Ni neno moja tu.

Jambo la mwisho Taratibu alilolitaka siku ile lilikuwa kusikia sauti ya shemeji yake. Alitoa simu, akapiga. Aliomba kwa maneno machache, amegeukia ukuta.

"Umechelewa, shemeji," sauti ilisema, na nyuma yake mteja alikuwa akiuliza bei ya misumari. "Imeniuliza sasa hivi. Nimempa mbili. Alinisimamisha hapa mlangoni muda wote ule, kwani hukuona?"

Taratibu akakata simu. Garini mtoto alikuwa bado analia.

"Amesemaje?" dereva aliuliza.

"Amesema sawa."

Yule mwanamume alimshika mkono, akamshukuru, akamwombea heri yeye na nyumba yake. Kisha simu yake ikalia, abiria mwingine, nyuma kule walikotoka, naye akakimbilia usukani. Taratibu alisimama pale mpaka gari lilipokata kona. Ndani, Mama Pacha alikuwa anashona. Taratibu alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni karibu na cherehani, akaanza kumkusanyia vipande vya vitambaa vilivyoanguka.